Baiskeli Nyembamba

Ilishuka na kontena la mitumba, bandarini Mtwara,
kati ya magodoro na friji zisizo na milango.
Dadi Chilumba, fundi wa Magomeni, akaizunguka mara mbili:
"Hii si baiskeli, hii miwani."
Haina keria, haina kengele,
tairi lake kama kidole gumba.
Niliilipia kwa msimu mzima wa kupima korosho ghalani.
Kwenye bomba lake, stika iliyokwanguka:
jogoo, na nusu ya jina la mji wa Ufaransa,
herufi tatu. Nyingine zimeliwa na jua.

Jumapili, kabla ya adhana, nikaikalia.
Lindi, kilomita mia na ushei.
Chupa ya maji, vipande viwili vya muhogo,
na kaptura ambayo mke wangu aliniomba
nisipite nayo karibu na msikiti.

Mikindani huiingii, unaiteremkia.
Ghuba inajikunja, kuta za matumbawe zinakusogelea begani,
milango ya nakshi iliyofungwa na watu waliokwisha kufa,
paka wanne barazani wamelalia gazeti la juzi.
Nyumba moja ya ghorofa imebaki bila ghorofa;
mtini umeota sebuleni, umetoa mkono dirishani.
Juu, boma la Wajerumani linamtazama kila apitaye
kana kwamba bado anadaiwa kodi.
Somoe wa vitumbua hakuinua uso kikaangoni:
"Nani anakukimbiza?"
"Hakuna."
"Basi kula."
Nikala vitatu.

Kisha kilima.
Nashusha gia, mnyororo unalalamika kwa lugha ya kwao,
mapaja yanajibu kwa Kimakonde.
Ubavuni pangu mtu anaisukuma Foniksi,
magunia mawili ya ng'onda nyuma, mkono mmoja usukani, mmoja mzigoni.
Mimi nimepanda, yeye anatembea,
na hatuachani.
"Nankoma," akajitaja, bila kuhema.
Mimi jina langu sikuwa na pumzi ya kulitoa.

Kileleni akarukia kiti.
Mteremko ukamchukua yeye, na samaki wake, na harufu yao yote,
ndara imekanyaga tairi la nyuma ndiyo breki,
akanipita kama habari mbaya.
Nami na breki zangu za Ulaya, zikininong'oneza: taratibu, taratibu.

Baada ya hapo ni vilima tu.
Barabara inapanda, inashuka, inapanda,
kama mtu anayetafuta maneno ya kuomba mkopo.
Oktoba: mikorosho imeinamisha matawi hadi chini,
mabibo yanachacha kwenye nyasi, nyuki wamelewa kabla ya saa tatu.
Kalenda ya ghala letu ina picha ya huko ilikotoka,
mizabibu iliyochanwa kama nywele, mnara wa mawe, kijito.
Nani aliikalia?
Kiti kimechakaa upande wa kushoto;
alilemea kushoto, labda goti, labda tabia.
Mimi nalemea kulia.
Tungeikalia pamoja ingenyooka.

Kabla ya Mpapura, pssss.
Tairi limelala, na tyubu ya saizi hiyo
haipo Mtwara, haipo Lindi, haipo hata kwa Dadi.
Nikaketi kwenye jiwe la kilomita nikila muhogo wangu.
Nankoma alikuwa kivulini mbele kidogo, anafunga upya mzigo.
Hakuuliza. Akaibeba kwa mkono mmoja,
akailaza juu ya magunia, akaikaza kwa mipira,
magurudumu yake mawili yakizunguka hewani, bure.

Tukatembea. Inzi wakaifuata.
Akaitazama kwa muda mrefu, jogoo na yote.
"Huko kwao ilikuwa ikibeba nini?"
"Mtu."
"Na nini?"
"Mtu tu."
"Mmoja?"
"Mmoja."

Alicheka mpaka Mpapura.